Mwili wa mchezaji ni wa nani?

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, nilitenda jambo ambalo hata leo linanisumbua nikilala. Watu wa ofisi fulani walituma ujumbe kwamba mgeni mkubwa atapita Baraka, na kwamba ingefaa watoto wachezaji wa parokia wampokee kwa ngoma kando ya barabara. Watoto hao ni wasichana 12 wanaocheza kuzunguka altare katika Misa za sikukuu, nami ndimi ninayewafundisha hatua. Sikuwauliza lolote. Niliwaambia tu: “Kesho saa moja asubuhi, na sare zenu.” Wakaja, kwa maana ni watoto wema. Tukasimama tangu saa moja hata saa nane. Jua la Baraka mnalijua, ninyi mnaoanika ndagala kando ya Tanganyika. Msichana mmoja wa miaka 11 akaanguka chini, na mama mmoja wa sokoni akammwagia kichwani maji yake mwenyewe ya kunywa. Kisha magari yakapita mbio, vioo vimefungwa, vumbi likatufunika sote. Nasi tulikuwa tukicheza bado. Tulilichezea vumbi.

Jioni baba ya mtoto yule alikuja kwangu. Nilitazamia atukane, lakini hakutukana. Alikaa kwenye kiti nilichompa, akanyamaza kidogo, akasema: “Mwalimu, mtoto huyu nilikupa acheze mbele ya Mungu. Nani aliyekupa ruhusa ya kumpeleka achezee mwingine?”

Sikuwa na jibu. Na tangu siku ile najiuliza: mwili wa mchezaji ni wa nani? Je, ni wake mwenyewe? Ni wa mzazi? Ni wa yule anayemfundisha hatua, au wa yule anayetazama, au wa yule anayelipa? Msomaji mwema, usiseme upesi kwamba ni swali la watu wa mijini. Katika nchi yetu swali hili limegusa miili ya watu kwa mamilioni, nami nitaonyesha namna gani.

Kwanza tuangalie desturi ya Ulaya, maana kule ucheza ngoma ni kazi kamili, kama useremala. Kuna mchezo uitwao baleti. Mtoto huingizwa katika shule yake akiwa na miaka 8 au 10, akishika fito ukutani kila siku, akifundisha miguu yake kugeuka nje na vidole vyake kubeba mwili wote. Hucheza mbele ya watu tangu ujana wake hata afike miaka 35 au 40. Kisha magoti na mgongo hukataa. Hapo wengi huacha, wakatafuta kazi nyingine. Lakini wachache hugeuka kuwa watunzi: hawachezi tena, bali hutunga hatua, na wengine huzicheza. Na miongoni mwa watunzi, wachache tena hupewa kuwa wakuu wa kundi zima: kuchagua mchezo gani uchezwe, nani aajiriwe, nani arudishwe kwao, fedha zitumikeje. Hivyo ndivyo alivyopanda Marius Petipa, Mfaransa aliyefika Saint Petersburg mwaka 1847 kama mchezaji tu, na baadaye akawa bwana wa baleti yote ya mfalme wa Urusi kwa miaka zaidi ya 30.

Watu husema huko ni kupanda cheo. Mimi naona pia ni kubadili mzigo. Mchezaji hujibu kwa ajili ya mwili wake mwenyewe. Akianguka, ameanguka yeye. Mtunzi hujibu kwa ajili ya miili ya wengine. Akikosea, mwingine ndiye atakayeumia goti. Na mkuu wa kundi hujibu hata kwa ajili ya mkate wao. Mtu aliyekuwa akitii sasa anaamuru. Na moyo wa kuamuru haufundishwi katika shule ya kugeuza miguu.

Afrika tunaye mmoja aliyepanda ngazi hiyo mpaka mahali pa kutisha. Ni Keita Fodeba wa Guinea. Miaka ya 1950 alikusanya wachezaji Waafrika kule Paris, akaunda kundi la Ballets Africains, nao wakazunguka dunia wakionyesha ngoma za kwetu kwa heshima. Nchi yake ilipopata uhuru mwaka 1958 alikuwa tayari waziri. Akapewa mambo ya ndani, kisha ulinzi na usalama. Chini ya mkono wake kambi iitwayo Boiro iligeuzwa gereza la watu wa siasa. Na mwaka 1969 yeye mwenyewe alishikwa, akafungwa katika kambi ile ile, akauawa. Simsimulii ili nimhukumu. Namsimulia kwa sababu maisha yake yananiogopesha: mkono uliopanga wachezaji kwa mstari uliweza pia kupanga wafungwa.

Sasa turudi kwetu. Wazee wetu wanakumbuka vizuri ile iliyoitwa “animation politique”. Mobutu alipotoka kutembelea China na Korea ya Kaskazini, katika miaka ya 1973 na 1974, alipenda alivyoona: watu maelfu wakiimba na kucheza pamoja kumsifu kiongozi. Basi Zaire yote ikafundishwa kucheza. Kazini, shuleni, uwanjani, asubuhi bendera ikipandishwa, watu walitingisha viuno kwa ajili ya chama cha MPR. Mwalimu mwenye mvi na karani mwenye miwani, wote walicheza. Mjomba wangu alikuwa karani huku Fizi. Husimulia kwamba mtu aliyecheza bila kutabasamu aliandikwa jina. Wasiojua hudhani hayo yalikuwa mambo ya furaha. Kumbe hakuna jambo linalomdhalilisha mtu kama kulazimishwa kufurahi. Ukilazimishwa kubeba jiwe, moyo wako unabaki wako. Unabeba huku ukinuna. Lakini ukilazimishwa kucheza, wanataka na uso wako pia.

Hayo yalikwisha tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Mimi sikuyaona. Lakini siku ile kando ya barabara ya Baraka nilikuwa nimeyafufua kidogo, mimi katekista, kwa mkono wangu mwenyewe.

Katika utoto wa nyakati hizo alikulia mtu ninayetaka tumtafakari, Faustin Linyekula. Alizaliwa mwaka 1974 kule Ubundu, mahali reli inayotoka Kisangani inapokomea, juu ya maporomoko ya mto. Kisangani ndipo alipokulia na kusoma fasihi na tamthilia. Chuo kikuu kilipofungwa, akaenda Nairobi mwaka 1993, kama vijana wengi wa mashariki waliotafuta maisha upande ule. Huko hakujifunza baleti ya fito na ukuta. Alifika katika ngoma kwa mlango wa tamthilia. Mwaka 1997, pamoja na Mkenya Opiyo Okach na Afrah Tenambergen, aliunda kundi la Gaara, la kwanza nchini Kenya la ngoma za namna mpya. Halafu Ulaya ikamwita, akafanya kazi huko.

Hapo ndipo panaponishika. Mwaka 2001 alirudi. Fikiri, msomaji, mwaka 2001 ulikuwa mwaka gani katika Kongo. Nchi imekatwa vipande. Kinshasa serikali, mashariki majeshi ya kigeni na waasi. Kisangani ilikuwa imepigwa makombora kwa siku 6 mwezi wa Juni 2000, majeshi mawili ya nchi jirani yakigombana katikati ya mji usio wa kwao. Wakati watu wenye akili walikuwa wakitafuta njia ya kutoka, yeye aliingia. Alianza Kinshasa, akaanzisha nyumba ya kazi iitwayo Studios Kabako, akaipa jina la rafiki yake aliyekufa. Mwaka 2006 akaihamishia Kisangani, katika mji usio na jumba la michezo la kusifika, wala umeme wa kutegemewa.

Akawa mtunzi, na mkuu wa kundi. Tena hakuacha kucheza mwenyewe. Mwaka 2011 alitunga mchezo wa mtu mmoja, Le Cargo, anaoucheza peke yake, na ndani yake anasimulia safari ya kurudi kijiji cha Obilo, kando ya ile reli, kutafuta ngoma alizoziona akiwa mtoto. Mimi nimeona kazi zake kwa vipande tu, katika simu ya mpwa wangu aliyeko Bujumbura. Tena kioo chake kimepasuka. Siwezi kujifanya mjuzi. Lakini hata katika kioo kilichopasuka nilimwona mtu wa makamo akijichosha mwenyewe mbele ya watu, wala hakukaa kando akiamuru.

Kazi yake moja nataka kuisimulia kwa kirefu kidogo. Mwaka 1923, kule Paris, kundi la Wasweden lilicheza baleti iitwayo La Création du monde, yaani uumbaji wa dunia. Maneno yake aliyatoa Blaise Cendrars katika hadithi za Afrika, muziki ni wa Darius Milhaud, mapambo ya Fernand Léger, hatua za Jean Börlin. Walitaka kuonyesha Waafrika wanavyosimulia mwanzo wa dunia. Hapakuwa na Mwafrika hata mmoja jukwaani. Walitwaa sura zetu, vinyago vyetu, hadithi zetu. Miili yetu haikuhitajika.

Miaka karibu 90 ikapita. Mwaka 2012 baleti ya Lorraine, katika mji wa Nancy huko Ufaransa, ilimwita Linyekula aushughulikie mchezo ule ule. Ona jinsi gurudumu lilivyogeuka! Mwana wa Ubundu, aliyekulia katika Zaire ambamo hata watoto walichezeshwa kwa amri, sasa anasimama mbele ya wachezaji Wazungu waliofundishwa tangu utoto, na miili yao iko mkononi mwake. Angeweza kulipa kisasi. Angeweza kuwafanya vikaragosi, na baadhi yetu tungepiga makofi. Yeye aliacha mchezo wa zamani uonekane jinsi ulivyokuwa, akauzungushia mchezo wake mwenyewe, akamleta jukwaani mchezaji mmoja Mkongomani, ili swali lionekane kwa macho: huyu alikuwa wapi siku ile ya kwanza? Naona humo haki bila kisasi.

Kuna nyingine. Alikuwa na rafiki wa ujana, Antoine Vumilia Muhindo (jina gani hilo la Kiswahili kwa mtu wa mateso!). Baada ya Rais Laurent-Désiré Kabila kuuawa mwezi wa Januari 2001, Vumilia alishikwa pamoja na wengi, na mwaka 2003 mahakama ya kijeshi ikamhukumu kufa. Hakuuawa, alikaa katika gereza la Makala, Kinshasa. Humo akaandika. Linyekula akayatwaa maneno yale, na mwaka 2009 akatunga mchezo uitwao more more more... future, pamoja na mpiga gitaa Flamme Kapaya, fundi wa muziki wa Kinshasa. Maneno ya mfungwa yakaimbwa na kuchezwa katika nchi za mbali wakati mwenyewe hawezi kuvuka ukuta. Mwaka 2011 Vumilia alitoroka, akapata kimbilio Sweden. Nikifikiri juu ya jambo hili, naona mwili wa mchezaji waweza pia kuwa wa mtu mwingine kwa njia ya haki: wamkopesha aliyefungwa. Kukopesha na kunyang'anywa ni mambo mawili.

Lakini sitaki kumfanya mtu huyu kuwa mtakatifu wa dirishani, hata hajafa. Kuna shaka nisiyoweza kuificha. Wanaolipa kazi zake kwa sehemu kubwa ni Ulaya: majumba yao, sikukuu zao za sanaa, tuzo zao. Mwaka 2007 alipewa huko Uholanzi tuzo kuu ya Prince Claus. Mwaka 2009 aliwaongoza wachezaji wa Comédie-Française ya Paris katika Bérénice ya Racine. Basi nauliza: watu wale wanaokaa katika viti laini wakitazama msiba wa Kongo ukichezwa, je, hawafanani na mgeni wangu katika gari lenye vioo vilivyofungwa? Wao wanatazama, ndiyo, naye hakutazama. Lakini baada ya kupiga makofi huenda kula chakula cha usiku. Kuonyesha vidonda kwa anayelipa ni biashara ya zamani, nasi wa Kivu twaijua: mara ngapi tumepangwa mstari tupigwe picha kwa ajili ya mfuko wa unga?

Nimejijibu nusu tu. Nusu hiyo ni Lubunga. Lubunga ni komini ya Kisangani iliyo ng'ambo ya mto, upande wa kushoto, upande wa watu waliosahauliwa. Huko Studios Kabako walipeleka kazi yao, na pamoja na vijana na wakazi wakaanza kuulizana juu ya mambo ya mahali pale, hata maji safi ya kunywa. Mkuu wa kundi la ngoma anajishughulisha na maji! Mtu wa Ulaya angeshangaa. Yule mama wa sokoni aliyemwaga maji yake juu ya kichwa cha mtoto wangu asingeshangaa. Anayeamuru mwili ucheze sharti auulize pia kama umekunywa. Fedha ya Paris ikishuka mpaka Lubunga, siwezi kusema kwamba yule bwana anachezea vumbi.

Mzee mmoja wa baraza letu la parokia, mtu ninayemheshimu sana, aliponisikia nikizungumza habari hizi alitikisa kichwa. “Mwanangu,” akasema, “kwetu watu wanalala porini kwa hofu ya bunduki, wewe unatusimulia wacheza ngoma. Ngoma hulima shamba?” Nikamjibu: “Hailimi, Baba.” Tukanyamaza. Kisha nikamkumbusha jambo tulilolijua sote wawili.

Familia yangu ilivuka ziwa nikiwa mtoto, na nilikulia katika kambi ya Lugufu, upande wa Kigoma. Baba yangu tulimzika huko. Tangu siku ile mama yangu hakucheza tena, hata arusini alikaa tu, akipiga makofi taratibu kwa adabu. Mwaka 2005 meli zikaanza kuwarudisha wakimbizi Baraka; sisi tulirudi mwaka uliofuata. Meli ilipogusa ufuko, mama alishuka na mkeka kichwani na sufuria mkononi. Akauweka mkeka chini, akaiweka sufuria juu yake, akacheza. Hapakuwa na ngoma. Hakuna aliyemwambia. Akina mama wengine wakashusha mizigo yao, wakamzunguka, na wale wafanyakazi waliotaka kutuandika majina wakasimama na karatasi zao wakingoja. Walingoja kitambo. Yule mzee alikuwapo ufukoni, maana alirudi kwa meli ile ile.

Alipolikumbuka, akanitazama, akasema tu: “Mama yako alicheza vizuri.”

Katika Misa nasi tunacheza. Tangu mwaka 1988 Roma ilikubali Misa kwa desturi ya majimbo ya Zaire, ambayo Kardinali Malula aliipigania sana, na wachezaji wanazunguka altare bila kuomba radhi. Nilidhani ruhusa ile yatosha. Kumbe ruhusa ya Roma inanihusu mimi ninayepanga hatua. Haimhusu mtoto wa miaka 11 kama alitaka kuja au hakutaka. Mara ngapi nimemwona mmoja wao amenuna katikati ya Gloria, nikamkonyeza atabasamu? Nilimkonyeza kama wale walioandika majina.

Mwezi uliopita barua imefika tena, kutoka ofisi ile ile. Mgeni mwingine, barabara ile ile. Safari hii nikawakusanya wasichana chini ya mwembe, nikawasomea barua yote, nikawauliza: “Mnataka?” Wakanitazama kama niliyesema Kichina. Hawajazoea kuulizwa. Mmoja akauliza: “Tukikataa, Mwalimu, utatukasirikia?” Nikasema hapana, ingawa kwa kweli nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitawaelezaje wakubwa. Tisa wakasema hawataki. Wawili wakasema wanataka, kwa sababu wanapenda kucheza popote. Yule aliyeanguka mwaka jana akakaa kimya muda mrefu, akichora chini kwa kidole cha mguu. Kisha akasema atacheza ikiwa kutakuwa na kivuli, na ikiwa mgeni atashuka garini.

Nimeyaandika masharti hayo mawili katika jibu langu, na majina ya wasichana watatu tu. Nimelipeleka mwenyewe kwa mkono Jumatatu. Karani alilisoma, akanitazama, akaliweka chini ya karatasi nyingine. Bado nangoja.